Masikio ya Mjomba Hayakuwa na Kosa

Nilikosea mimi. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu nimelizungusha muda mrefu, na kila nikilizungusha linazidi kuwa zito. Mjomba wangu hakusikia vibaya. Alisikia vizuri, akarudia vizuri, akafanya alivyoambiwa. Aliyemwambia ni mimi.

Jina langu naomba libaki kwangu. Majina ya wengine nimeyabadilisha, ingawa watu wa mtaani kwetu Kilole wakisoma kidogo tu watajua ni nyumba gani. Wakijua wajue.

Miaka ile Korogwe ilikuwa imeamka. Kampuni za simu zilikuwa zinagombania kuta za nyumba za watu ili wazipake rangi zao, kila mwenye kibanda alikuwa anauza vocha, na mimi nikafungua steshenari. Nilikuwa na mashine moja ya fotokopi, kompyuta moja ya mtumba, na printa iliyokuwa inatafuna karatasi kila ikijisikia.

Siku moja mwalimu wa chuo aliniletea kitabu cha kujifunza kuandika programu za kompyuta, akataka nimtolee nakala. Nikamtolea yake, nikajitolea na yangu. Hiyo nayo ni dhambi, lakini siyo niliyokuja kuiungama leo.

Kitabu kilikuwa cha lugha ya kompyuta inayoitwa Python. Kiingereza changu ni cha kuungaunga, kwa hiyo kila nilipokutana na ukurasa mgumu niliuruka. Lakini kuna jambo moja lilikuwa kurasa za mwanzo, nikalielewa, na likaniteka akili. Ukiandika neno ndani ya alama za kunukuu, ukaweka nyota, halafu ukaweka namba, kompyuta inakuandikia lile neno mara hizo ulizotaja. Nikaandika:

print("Karibu " * 3)

Ikajibu: Karibu Karibu Karibu.

Nilicheka peke yangu dukani kama mtu aliyepandwa na kitu. Nikaandika jina langu mara mia mbili, likajaza skrini yote. Nikawa naita wateja waje waone.

Na haikuwa mchezo tu. Fomu za kuombea kazi zinataka mistari ya nukta ya kujazia jina, na zamani nilikuwa nabonyeza nukta moja moja mpaka kidole kinauma. Sasa nikawa naandika nukta moja, nazidisha kwa hamsini, mstari umekamilika. Kadi za harusi nikawa nazizungushia nyota pande zote. Watu wakawa wanasema yule dada wa steshenari ana kompyuta ya aina yake. Mimi nikawa sikanushi.

Sifa zikaniingia. Nakiri hilo. Nikaanza kusema maneno ambayo leo nikiyakumbuka nafunika uso. Lililokuwa mdomoni kila saa ni hili: kompyuta haikosei.

Ikafika harusi ya mdogo wangu Zuhura. Alikuwa anaolewa na kijana wa Handeni, mtoto wa wakulima wanaoheshimika sana kule. Baba yetu alishafariki, kwa hiyo shughuli yote ilikuwa mikononi mwa Mjomba Hamisi, kaka yake Mama.

Mjomba ni dalali wa machungwa pale Segera, njia panda. Mtu wa Arusha anampigia simu anasema nataka magunia kadhaa, mtu wa Dar anapiga anasema yake, Mjomba anarudia kwa sauti, basi. Haandiki popote. Kesho yake mzigo unapanda gari kama ulivyoagizwa. Wanunuzi walikuwa wanamwamini kwa sababu hiyo hiyo: ukimwambia kitu, amekisikia.

Mama alisema tutahitaji kama mbuzi watatu nyumbani kwetu Kilole na watatu wengine wa kupeleka Handeni kwenye walima. Mchele, mafuta na vitunguu navyo ni hivyo hivyo, kila kitu mara mbili kwa sababu ya sehemu mbili. Mtu mwenye akili timamu angepiga hesabu hiyo huku anachambua mchele. Mimi nikasema hapana, nitaiandikia programu.

Nikaandika. Mchele na mafuta niliviweka mwenyewe kama namba, ndani kabisa ya programu. Mbuzi ndio Mama alikuwa bado anabishana na mashangazi, kwa hiyo nikaiambia kompyuta iniulize idadi yao, nami nitajaza baadaye. Nilijiona fundi kweli.

Kumbe, ndugu yangu unayesoma, kitu chochote unachokijaza kwa kibodi kompyuta hiyo inakipokea kama maandishi. Hata ukiandika 3, yeye haoni tatu ya kuhesabia. Anaona mchoro tu, kama anavyoona neno karibu. Kuna neno dogo la kumwambia kwamba hii ni namba. Lilikuwa kwenye kurasa nilizoruka.

Kwa hiyo walipokubaliana watatu kila upande, nami nikajaza 3 na programu ikazidisha kwa 2, kompyuta haikupata sita. Iliandika tatu mara mbili, moja kando ya nyingine. Ikaandika 33.

Nami sikuangalia. Mjomba alikuwa ameshakwenda Handeni, yuko kwa Mzee Lazaro, mfugaji wa Kimasai kule kwenye nyanda kavu, ambaye walijuana tangu ujana. Akanipigia simu. Duka lilikuwa limejaa watu wanaotaka fotokopi za vyeti, printa imetafuna karatasi ya mtu, mwenye karatasi ananifokea.

"Mwanangu, nipe idadi. Niko na mwenye mbuzi hapa."

Nikasoma skrini kama mtu anayesoma mabango barabarani. Mchele hivi, mafuta hivi, mbuzi thelathini na tatu.

Mjomba akauliza, "Thelathini na tatu?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Mbuzi?"

"Mjomba, kompyuta haikosei. Nina wateja."

"Haya. Mbuzi thelathini na tatu," akasema, na nikamsikia akigeuka kumwambia Mzee Lazaro. Kisha simu ikakatika.

Kichwani nilikuwa najua ni sita. Naapa nilikuwa najua. Lakini mdomo ulisoma kilichoandikwa, na kichwa kilikuwa kwa yule mwenye cheti kilichotafunwa.

Siku moja kabla ya ndoa, Fuso ikaingia mtaani kwetu Kilole. Mama alikuwa uani na wanawake wanapika maandazi. Mlango wa nyuma wa gari ukafunguliwa, mbuzi wakaanza kushuka. Wakashuka, wakashuka. Mama akasimama na mwiko mkononi, akawa anangoja waishe.

Mzee Lazaro alishuka mwisho, baada ya Mjomba, na shuka yake ya rubega na fimbo yake, akamsalimia Mama kwa heshima zote. Mbuzi wengine aliwachukua zizini kwake, wengine aliwakusanya kwa ndugu zake, maana mwenyewe hakuwa na wa kutosha ambao angekubali watoke. Alikuwa amechoka, lakini anajivunia. Aliona amemfanyia rafiki yake jambo kubwa.

Na Fuso ikaondoka. Dereva alikuwa na mzigo mwingine wa kupakia kule Magoma, akasema atarudi kesho jioni.

Sitasimulia yote waliyofanya wale mbuzi. Walikula makuti ya mapambo ya mlangoni. Walikula kunde za jirani, wakapanda juu ya magodoro tuliyoazima. Ratiba za harusi nilizozipamba kwa nyota pande zote waliziona ni chakula, wakazimaliza. Shangazi mmoja alikaa chumbani na ndoo ya maandazi mapajani, akakataa kutoka.

Mimi nilikimbilia dukani. Nikafungua programu, nikajaza 3. Ikaniandikia 33.

Nikakaa pale natazama. Nilielewa palepale. Nikachukua ile nakala ya kitabu, nikarudi kwenye kurasa nilizoruka, na lile neno dogo lilikuwa hapo linanisubiri. Nikaliweka kwenye programu. Nikajaribu tena. Ikaandika 6.

Hapa ndipo penye dhambi yenyewe. Kukosea hesabu ni kukosea tu. Lakini nilikuwa bado na mkono kwenye kibodi nilipomsikia Mama mlangoni, na nyuma yake Mjomba na Mzee Lazaro.

"Mimi niliambiwa thelathini na tatu," Mjomba alikuwa anasema. "Na nikauliza mara mbili."

"Nami niliambiwa hivyo na Hamisi," akasema Mzee Lazaro. "Nilimuuliza, akanirudia."

Mama akanigeukia. "Wewe ulimwambia ngapi?"

Ningesema. Maneno yalikuwa matatu tu, nilikosea mimi, Mama. Lakini nilifikiria wateja, nikafikiria wakwe wa Handeni watakavyocheka, nikafikiria yote niliyojisifia. Nikawageuzia skrini.

"Nilimwambia sita. Hebu oneni wenyewe." Nikajaza 3 mbele yao, ikaandika 6. "Labda mtandao ulikuwa unakatakata. Labda Mjomba hakusikia vizuri."

Mjomba akainama, akaitazama ile sita. Akaitazama sana. Kisha akaingiza kidole sikioni, akakitikisa, akakitoa, akakiangalia.

"Ni masikio yangu, ndugu yangu," akamwambia Mzee Lazaro. "Nisamehe. Nimekusumbua bure."

Mzee Lazaro hakusema kitu kibaya. Alimshika bega. Kesho yake jioni walipakia mbuzi waliobaki kwenye Fuso, wakarudi Handeni. Harusi ikaenda vizuri, Zuhura akaolewa, watu wakala nyama mpaka wakachoka. Nami nikajiambia yameisha.

Hayakuisha. Hadithi ya dalali aliyesikia sita ikawa thelathini na tatu ni tamu mno kuachwa. Ilifika sokoni, ikafika Handeni, ikafika Segera kabla Mjomba mwenyewe hajafika. Watu wakaanza kuzungumza naye kwa sauti ya juu. Vijana wa machungwa wakimwona tu wanakunja viganja mdomoni kama tarumbeta. Kule Handeni baba mkwe wa Zuhura akawa anamsalimia kwa kupayuka na kuonyesha kwa mikono, hali Mjomba yuko mbele yake, magoti yanagusana.

Shangazi akamtilia mafuta ya vuguvugu masikioni. Mwingine akamletea dawa ya majani. Mama akampeleka hospitali, daktari akampima, akasema ni mzima kabisa. Nilikuwepo waliporudi.

"Daktari kasemaje, Mjomba?" nikauliza.

"Kasema nasikia vizuri," akajibu kwa huzuni. "Lakini na mimi sijui kama nilimsikia sawasawa."

Watu walicheka. Nami nilicheka.

Baada ya hapo akaacha kuamini simu. Mnunuzi akipiga, anamwambia arudie, arudie tena, halafu ampe simu mtu mwingine asikie. Wanunuzi wakachoka. Mmoja wa Arusha akahamia kwa dalali mwingine, kisha mwingine akamfuata. Na mtu ambaye alikuwa akikaa barazani anabishana siasa na kila apitaye, sasa akija kwetu anakaa pembeni, anatabasamu tu kila mtu akitabasamu, asije akajibu kitu ambacho hakijasemwa.

Halafu akaja dukani kwangu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nataka unitolee karatasi. Uandike kwa herufi kubwa: nina tatizo la kusikia, tafadhali niandikie. Niiweke mezani kwangu Segera." Akafikiri. "Na uizungushie zile nyota zako. Ipendeze."

Niliandika. Nikaandika nyota moja, nikazidisha kwa arobaini, mstari wa juu. Nikafanya hivyo mstari wa chini. Nikaitoa, nikaipiga na lamineshi isije ikalowa. Akaishika kwa mikono miwili, akaisoma, akasema ahsante, kazi nzuri.

Siku hizo nilikuwa silali vizuri, na baada ya hapo nikawa sili vizuri pia. Mwisho wa juma nikafunga duka, nikaenda Segera.

Nilimkuta kwenye meza yake, kando ya mahali mabasi yanaposimama. Karatasi yangu ilikuwa mbele yake, inang'aa. Masikioni alikuwa na pamba. Mama muuza chai alikuwa pembeni na vijana wa machungwa wamejaa. Nikavuta kigoda, nikamsogelea, nikasema kwa sauti ya chini:

"Mjomba, ule uagizaji wa mbuzi, nilikosea mimi."

Akanitazama. Akanyoosha kidole kwenye ile karatasi.

Nikaongeza sauti. "Nilikosea mimi, Mjomba. Kuhusu mbuzi."

"Unataka mbuzi?"

"Hapana. Mbuzi wa harusi!"

"Harusi ya nani tena?"

Vijana wakaanza kugeuka. Basi la Tanga lilikuwa limesimama, abiria wametoa vichwa dirishani. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini nilishafika, na nilijua nikirudi Korogwe sijasema, sitarudi tena pale. Nikasimama. Nikapaza sauti ambayo sijawahi kuitoa maishani mwangu.

"Nilikuambia thelathini na tatu! Ulisikia vizuri! Nilikosea mimi, halafu nikadanganya!"

Segera nzima ikanigeukia. Hata kijana aliyekuwa amenyanyua kapu la machungwa kwenye dirisha la basi alibaki amelinyanyua.

Mjomba akatoa pamba sikio la kulia. Akatoa la kushoto. Akaziweka mezani taratibu.

"Nilikusikia mara ya kwanza," akasema.

"Sasa mbona—"

"Hawa wote wananipigia kelele tangu harusi ile. Nilitaka na hili walisikie kwa sauti hiyohiyo."

Mama muuza chai alicheka mpaka akamwaga chai. Mjomba hakucheka. Aliniambia nikae, akaniambia nimweleze ilikuwaje, na nikamweleza yote, alama za kunukuu, ile nyota, na tatu iliyochukuliwa kama neno.

"Yaani nikiiambia chungwa mara mbili?"

"Inaandika chungwa chungwa."

"Na tatu mara mbili ikaandika tatu tatu."

"Ndiyo, Mjomba."

"Basi haikukosea. Ilifanya ulivyoiambia." Akaichukua ile karatasi ya lamineshi, akanikabidhi. "Na mimi nilifanya ulivyoniambia. Kati yetu watatu, aliyeniita kiziwi ni wewe peke yako."

Nikaipokea ile karatasi. Ninayo mpaka leo.

Alinisamehe, lakini hakunisamehe siku ile. Muda mrefu alikuwa akija nyumbani hali chakula nilichopika. Mama aliponisikia aliniambia nivae, tukazunguka naye nyumba kwa nyumba kwa kila aliyemcheka kaka yake, nikisema yaleyale kila mlango. Mzee Lazaro nilimfuata mwenyewe Handeni. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nilijua siku ile dukani, nikasema nilijua. Akasema, "Basi umekuja kwa kuchelewa, lakini umekuja," akaniletea maziwa.

Wateja wa Arusha hawakurudi. Hilo siwezi kulifuta. Mjomba anauza machungwa bado, ila biashara yake haikuwa tena ile. Sifa ya masikio yake ilimchukua ujana wote kuijenga. Mimi niliibomoa kwa kugeuza skrini.

Wewe unayesoma, labda huna kompyuta wala huhitaji kujua nyota inazidisha nini. Ila utakosea siku moja mbele ya watu, na pembeni yako atakuwepo mtu ambaye kosa lile linaweza kumwenea vizuri kuliko wewe. Atakuwa mzee kidogo, au mpole, au anaamini unachosema. Usimvike. Sema hapohapo, likiwa bado dogo na la kuchekesha, maana ukingoja utakuja kulisema kwa kupiga kelele barabarani.

Na sasa nimalize na ninyi, wakwe zetu wa Handeni, kwa sababu kwenu ndiko sijafika, na aibu imenishinda. Mjomba anasikia. Amekuwa akisikia siku zote, pamoja na yale mliyokuwa mnasema mkidhani hasikii. Zuhura ameniambia kila mkiwa na shughuli mnamkalisha kiti cha mbele, jirani kabisa na spika, ili naye apate kusikia kidogo. Ni heshima, tunashukuru. Lakini naomba mumhamishe, maana mkiendelea kumweka pale, masikio yataharibika kweli.